Kinga, noleo na pini za bronzi kwenye kisu cha kufuliwa kwa mkono

Kisu chenye kinga ya shaba, kile kibao kati ya mpini na makali, kikianza kuharibika hapa Tanga, shaba yenyewe huwa haina neno. Angalia pale inapokutana na chuma. Utaona uwazi mwembamba kama karatasi, ndani yake mstari wa kahawia, na ukiigonga kinga kidogo kwa mpini wa nyundo unga wa kutu unadondoka. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi ikipata unyevu inafanya kazi kama maji ya betri: metali mbili tofauti zinazogusana ndani ya maji hayo, moja inaliwa na nyingine inasalimika. Kati ya bronzi, ambayo ni aina ya shaba, na chuma cha springi, kinacholiwa ni chuma. Tena kinaliwa haraka kuliko kingeliwa kikiwa peke yake.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kufunga bronzi bila kuacha uwazi. Umbo, rangi na kung'arisha vina nafasi yake, lakini kisu kizuri chenye uwazi shingoni, pale ubapa unapokutana na kinga, hakimalizi mwaka mikononi mwa mpasua samaki wa soko la Deep Sea.

Kisu cha mfano hapa kina ubapa wa sentimita 15, kimefuliwa kwa springi ya gari, na kimeshachovywa (kuzamishwa kikiwa chekundu ili kiwe kigumu) na kurudishwa moto (kupashwa tena kidogo ili kisivunjike). Shingoni kina unene wa milimita 3. Msuka wake, yaani ule mkia unaozama ndani ya mpini, una upana wa milimita 10 na unene wa 3. Pale ubapa unapokatika kuingia kwenye msuka kuna mabega mawili, la juu na la chini. Kinga ni kile kibao cha shaba kinachokaa mabegani kuzuia kidole kisiteleze kwenye makali. Noleo ni pete inayobana mdomo wa mpini usipasuke. Pini zinajulikana.

Hakikisha kwanza ni bronzi

Neno shaba limebeba mizigo mitatu. Kuna shaba nyekundu, ile ya nyaya za umeme. Kuna shaba ya njano, ambayo mafundi wanaiita brasi, yaani shaba na zinki. Halafu kuna bronzi, shaba iliyochanganywa na bati au, katika aina nyingine, na alumini au silikoni. Kwa pwani bronzi inaizidi brasi kwa sababu moja kubwa: chumvi huila zinki ya brasi kidogo kidogo, na kinachobaki ni shaba nyekundu yenye vinyweleo, dhaifu kama biskuti iliyolowa. Bronzi ya bati haina tatizo hilo.

Kwa macho, piga tupa mara mbili tatu utazame metali mpya kabla haijashika hewa. Shaba nyekundu ina wekundu wa waridi. Brasi ni ya njano kama ndizi mbivu. Bronzi ya bati iko katikati, dhahabu iliyoegemea kwenye kahawia. Bronzi ya alumini ni dhahabu iliyopauka, na tupa inateleza juu yake kwa sababu ni ngumu. Tatizo la macho ni kwamba taa ya karakana inadanganya. Tumia mzani.

Funga kipande kwa uzi. Kipime kikiwa kikavu; tuseme ni gramu 212. Weka bilauri ya maji juu ya mzani, urudishe mzani kwenye sifuri. Sasa zamisha kipande ukikishikilia kwa uzi, kizame chote, kisiguse chini wala ubavuni mwa bilauri, na upepete mapovu yaliyong'ang'ania. Mzani utapanda. Ukisoma gramu 24, gawa 212 kwa 24: unapata 8.8, na hiyo ni bronzi ya bati. Ukisoma 25.2 unapata 8.4, hiyo ni brasi. Ukisoma 28.3 unapata 7.5, bronzi ya alumini. Shaba nyekundu inatoa 8.9, lakini hiyo rangi yake haifichiki. Mzani unaosoma gramu nzima tu unahitaji kipande cha nusu kilo au zaidi, la sivyo kosa la nusu gramu linakugeuzia brasi kuwa bronzi.

Mzani hauwezi kukuambia kama ndani kuna risasi, na hili si dogo. Bushi nyingi za mashine zimetengenezwa kwa mchanganyiko unaojulikana kama SAE 660: shaba asilimia 83, bati 7, risasi 7 na zinki 3. Risasi imewekwa humo ili bushi iteleze. Bronzi hiyo inakatika vizuri sana na kwa kisu cha shamba au cha kazi za boti inafaa, lakini kwa kisu cha jikoni usiitumie. Kinga ya kisu cha jikoni inagusana na samaki, ndimu na chumvi kila siku. Kwa kazi hiyo tafuta bronzi ya fosfori (ya bati yenye fosfori kidogo) au ya silikoni.

Mahali pa kuipata

Bushi kuukuu za shafti za boti zenye injini ya ndani ndizo chanzo kikubwa. Waulize mafundi wa boti kabla hawajaziuza skrepa. Kwa wauza skrepa nunua kitu ambacho umbo lake linaeleza kilikotoka: bushi, gia ya shaba, kiti cha vali. Rundo la vipande vilivyokatwakatwa ambavyo hakuna anayejua vilikotoka liache, maana mali ya reli na ya umeme huwa inajificha humo, na mnunuzi hukamatwa pamoja na muuzaji.

Pangaboi la boti lililovunjika linavutia kwa ukubwa wake. Lakini kile kinachoitwa bronzi ya manganizi, ambacho mapangaboi mengi yametengenezwa nacho, ni shaba karibu asilimia 58 na zinki karibu 39. Ni brasi iliyotiwa nguvu, jina tu ndilo la bronzi. Inafanya kinga imara, ila usimwambie mteja ni bronzi.

Vivyo hivyo fimbo za kulehemu za njano wanazotumia mafundi baiskeli. Zinauzwa kwa jina la bronzi, nazo ni brasi ya sitini kwa arobaini. Ukizifanya pini kwenye kisu chenye kinga ya bronzi, siku ya kwanza zinafanana. Baada ya miezi miwili kinga imekuwa kahawia na pini bado ni za njano. Pini za bronzi halisi zipatie kwenye fimbo za bronzi ya silikoni za kulehemu kwa TIG, yaani kwa umeme na gesi ya kukinga. Zinakuja kwa unene wa milimita 1.6, 2.4 na 3.2, na zina shaba karibu asilimia 96.

Kuna bushi moja ya kukataa kabisa, ile ndogo ya mota ya feni au ya stata. Hiyo imetengenezwa kwa unga wa shaba ulioshindiliwa na kuchomwa, na imejaa vinyweleo vyenye mafuta. Ipashe kwa kiberiti cha gesi utaona jasho la mafuta likitoka. Gundi haiishiki, na ukiigonga inamomonyoka.

Kutoa kibao ndani ya bushi

Kosa la kwanza la wengi ni kupasua bushi ubavuni na kujaribu kuinyoosha kwa nyundo. Bronzi ya kumiminwa haikubali. Inapasuka, na ukiipiga ikiwa nyekundu kwa moto inakatika vipande, hasa yenye risasi. Dawa ni kuikata kwa urefu kama unavyokata muwa.

Tuseme bushi ina kipenyo cha nje milimita 60, cha ndani 40, urefu 80. Ukuta wake ni milimita 10. Kata mbavu za upana wa milimita 14 kwa msumeno wa chuma wenye meno 24 kwa inchi. Kila ubavu umepinda kidogo: mgongo wa nje umebinuka kwa karibu milimita 0.8 na tumbo la ndani limebonyea kwa 1.3. Ukisawazisha pande zote mbili kwa tupa unabaki na kibao cha milimita 9 kamili, na kinga inahitaji 6 tu. Ubavu mmoja unatoa kinga mbili za milimita 35. Bushi nzima inatoa mbavu saba, yaani kinga kumi na nne, kwa bushi ya kilo moja na gramu mia moja hivi. Ukitaka kinga moja tu, kata ubavu mmoja na uiweke bushi kabatini.

Kibao cha milimita 35 kwa 14 kwa 6 kina uzito wa gramu 26. Ukishatoboa na kutoa umbo, zinabaki kama 20. Laza kisu juu ya kidole kimoja pale kinga itakapokaa, uone upande upi unalemea, kabla hujaamua unene. Ubapa mwembamba ukibebeshwa kinga ya milimita 10 unageuka kisu kizito mkononi na kisicho na nguvu mbele.

Paka tupa chaki kabla ya kuanza. Bronzi inaziba meno ya tupa, na kipande kilichonasa kinachora mfereji mrefu ambao utaufukuza kwa msasa nusu saa. Tupa iliyokwisha kula chuma kwa muda mrefu huteleza juu ya bronzi, kwa hiyo weka tupa mpya moja kwa kazi ya shaba tu.

Mabega kwanza

Kabla ya kugusa kinga, nyoosha mabega. Bana ubapa kwenye jiriwa katikati ya vipande viwili vya chuma kigumu vilivyonyooka, mabega yakiwa yamechungulia juu kwa nusu milimita, kisha piga tupa hadi iguse vile vipande pande zote. Geuza uangalie: bega la juu, bega la chini, kulia na kushoto, yote yawe kwenye mstari mmoja. Bega moja likizidi jingine hata kwa unene wa unywele, kinga itakaa juu ya hilo moja na kuacha mwanga kwenye mengine.

Kona ya ndani, pale bega linapokutana na msuka, isiwe kali. Iwe na mviringo wa kama milimita 1. Kona kali ndiyo inayopasuka kisu kikidondoka. Mviringo huo nao utazuia kinga isikae, kwa hiyo baadaye utapunguza kidogo ncha mbili za tundu la kinga kwa upande wa mbele. Hazitaonekana, mabega yanazifunika.

Tundu la msuka

Hapa ndipo kazi inapoharibika au kufanikiwa.

1. Chora mstari wa katikati ya kibao, kisha mstatili wa milimita 10 kwa 3. Chora kwa msumari mkali, maana alama ya kalamu ina unene wa nusu milimita peke yake.

2. Piga panchi alama tatu kwenye mstari wa katikati: milimita 1.5, 5 na 8.5 kutoka ncha moja ya mstatili.

3. Toboa kwa biti ya milimita 2.5. Matundu matatu yataachana kwa milimita 1, na kila upande utabakiwa na robo milimita ya kumalizia kwa tupa. Ukitumia biti ya 3 hubakiwi na kitu. Ikiyumba kidogo tu, tundu limeshazidi.

4. Kata kuta ndogo kati ya matundu kwa msumeno wa sonara, au zipitishie tupa nyembamba ya mviringo.

5. Panua kwa tupa bapa nyembamba, ukianzia upande wa nyuma, ule utakaotazama mpini. Upande wa mbele unaguswa mwisho.

Kuhusu biti: kwenye bronzi yenye risasi na kwenye brasi, biti iliyonolewa kwa ajili ya chuma inajivuta yenyewe kama skrubu. Inapotokea upande wa pili inanasa na kuzungusha kibao, na kibao kinachozunguka kinakata vidole. Chukua jiwe la kunolea, pitisha mara chache kwenye midomo miwili ya biti hadi uone ubapa mwembamba wa milimita 0.3 unaong'aa. Biti hiyo itakwangua badala ya kujichimbia. Kwa bronzi ya fosfori na ya alumini acha biti ikiwa kali, tia mafuta, na uinue kila baada ya milimita 2 kutoa nyuzi. Ukiiachia isugue bila kukata, uso unakuwa mgumu na biti inakufa hapohapo. Mzunguko wa kama 2,500 kwa dakika unafaa biti ya milimita 2.5, na 1,300 kwa biti ya 5. Kwa aina yoyote ya bronzi, kibao kibanwe. Usikishike kwa mkono, na usivae glavu kwenye drili.

Sasa kuusogeza msuka ndani. Washa kibatari, pitisha msuka juu ya moshi hadi upate masizi mepesi pande zote. Ingiza kinga kwa mkono hadi ikwame, itoe, uangalie ndani ya tundu. Palipo na doa jeusi ndipo panapogusa. Piga tupa hapo tu, mapigo mawili au matatu, usizidishe. Rudia masizi, rudia kuingiza. Mara ishirini ni kawaida. Anayechoka akapiga tupa kuta zote kwa pamoja huishia na tundu linaloingia kwa raha na kucheza, na hapo hakuna kurudi nyuma. Kibao hicho kinakuwa cha kisu chenye msuka mnene zaidi.

Kinga ikifika milimita 2 kabla ya mabega na ikakataa, acha tupa. Bana ubapa kwenye jiriwa katikati ya mbao laini, ncha ikiwa chini na msuka juu, funika makali kwa mpira. Chukua kipande cha bomba au mti mgumu uliotobolewa, kivike juu ya msuka, na uigonge kinga ishuke kwa nyundo ya gramu 500. Bronzi inakubali kusukumwa kidogo na kujikumbatisha kwenye chuma. Sikiliza sauti: inapokaa mabegani mlio unabadilika, kutoka mlio mzito na kuwa mkavu. Inyanyue juu mbele ya dirisha. Mwanga ukipita popote, ing'oe kwa kugonga kinyume na utafute bega linalosumbua.

Uso wa mbele wa kinga umalizwe sasa, kabla ya gundi, kwa sababu ikishafungwa msasa haufiki kwenye kona bila kuchubua ubapa. Laza msasa namba 240 juu ya kioo, sugua kinga juu yake, halafu 400, 600 na 1000, kila namba ukisugua kwa kuvuka mistari ya namba iliyotangulia. Weka maji na matone ya sabuni. Vumbi la bronzi, hasa yenye risasi, likilowa haliingii puani, na lile tope ulifute kwa gazeti ulitupe. Usilipige kwa kompresa likasambae karakana nzima.

Noleo

Kisu chenye mpini wa mviringo kinapendeza kwa noleo, na bushi iliyokwisha kuwa pete inakupa nusu ya kazi. Kata urefu wa milimita 12, chonga mdomo wa mpini uwe mwembamba kidogo mbele kuliko nyuma, tofauti ya milimita 0.3 inatosha, kisha gonga noleo liingie likiwa na gundi ndani.

Wapo wanaolipasha moto ili lipanuke na kujibana lenyewe likipoa. Hesabu yake haisaidii sana. Pete ya milimita 25 ikiongezewa nyuzi joto 150 inapanuka kwa milimita 0.07 tu, na mti uliochongwa wakati wa masika unasinyaa zaidi ya hapo kaskazi ikivuma. Dawa ni mti mkavu. Mtiki wa Longuza, lile shamba la miti la Muheza, unakauka kwa urahisi na hutulia bila shida. Mpingo unataka subira ya miaka, na ukiuharakisha kwa jua unapasuka kutoka nchani. Pakaza nta nchani, uuweke kivulini, upime uzito kila mwezi. Uzito ukiacha kupungua ndipo uutumie. Vumbi la mpingo nalo linawasha ngozi na kifua, kwa hiyo barakoa si ya shaba peke yake.

Pini

Kwa mpini wa milimita 20 hadi 25, pini mbili za milimita 3.2 zinatosha. Toboa mti na msuka kwa biti ya 3.3 ili gundi ipate pa kupita. Msuka uliokwisha kuchovywa mara nyingi unakataa biti ya kawaida, kwa hiyo toboa chuma kabla ya kukichovya, au rudisha moto msuka peke yake hadi uwe buluu huku ubapa ukiwa umezamishwa ndani ya maji.

Pini ya kuziba kichwa kwa nyundo ilainishwe kwanza. Ipashe kivulini hadi iwe na wekundu hafifu, itumbukize majini. Bronzi si chuma, maji hayaifanyi ngumu. Acha ichungulie kila upande kwa nusu ya unene wake, yaani milimita 1.6. Panua kidogo mdomo wa tundu la mti ili kichwa kipate pa kukaa, kisha gonga kwa nyundo ndogo ya gramu 150, mapigo mepesi ya kuzunguka ukingo, upande huu mara tano, upande ule mara tano. Anayepiga kwa nyundo ya nusu kilo anavimbisha pini ndani ya mti, na ufa unatokea kati ya pini na ncha ya mpini. Kwa mpingo usiweke pini karibu na ncha kwa chini ya milimita 12.

Gundi

Tumia epoksi ya kukauka kwa saa 24. Ile ya dakika tano haipendi maji, na kwa joto la Tanga inaganda kabla hujamaliza kupanga vitu. Hata ile ya polepole, muda ulioandikwa kwenye kopo umepimwa kwenye nyuzi joto 20 au 25. Kila nyuzi 10 zikiongezeka muda huo unakaribia kukatika nusu. Changanya asubuhi na mapema.

Kwaruza msuka, ndani ya tundu na uso wa nyuma wa kinga kwa msasa namba 120. Futa kwa asetoni mara mbili, kitambaa kipya kila mara, na usiguse tena kwa vidole. Mtiki una mafuta yake, nao ufutwe dakika chache kabla ya gundi. Pakaza epoksi kwenye mabega, sio kwenye msuka tu, ili kinga inaposhuka isukume gundi itoke mbele kama ushanga mwembamba kuzunguka chuma. Ushanga huo ukikatika mahali, hapo pana uwazi. Ongeza. Ukipata mzunguko kamili, futa kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa kama patasi na pamba yenye spiriti. Gundi haitazuia bronzi na chuma kugusana, na haina haja. Kazi yake ni kunyima maji ya chumvi njia.

Kuunga kwa lehemu ya bati na fedha kunawezekana, inayeyuka kwenye nyuzi 221. Lakini visu vingi vya springi vimerudishwa moto kwenye nyuzi 200 hivi, na fundi asiye mwepesi analainisha makali yake akidhani anaimarisha kinga. Asidi ya kulehemu nayo ikibaki chini ya mabega inaanza kutu siku hiyohiyo. Bronzi ya alumini haishiki lehemu hata kidogo bila dawa maalumu. Epoksi inatosha.

Kumalizia

Mti na bronzi haviliki sawasawa. Ukitumia msasa kwa kidole, mti unabonyea na pini inabaki imesimama kama chunusi. Funga msasa kwenye kibao kigumu. Usiweke grenda kwenye pini: joto linapita moja kwa moja hadi kwenye epoksi, na utaona duara la kahawia kwenye mti kabla hujasikia harufu. Gusa pini kila sekunde chache, ikikuunguza, umeshachelewa.

Unga mweusi wa bronzi unaingia kwenye vinyweleo vya mti mweupe na hautoki. Mti wa namna hiyo uzibe kwanza kwa vanishi nyembamba, ndipo upige msasa mwisho.

Kwa kung'arisha, singa za katani zilizofungwa kitita kigumu na kukatwa ncha sawasawa zinafanya brashi nzuri. Pakaza dawa ya kung'arishia, sugua kwa kufuata urefu. Viwanda vya ng'ambo hutumia magurudumu ya katani kwa kazi hiyohiyo, na hapa singa zipo mlangoni.

Mwisho pakaza nta ya nyuki iliyopashwa, hasa kwenye kiungo cha kinga na shingo, ufute ikipoa.

Kwenye matumizi

Kisu kikitoka kwenye samaki au ndimu, kioshwe kwa maji baridi na kukaushwa, kiungo kikaushwe kwa pembe ya kitambaa. Kisilale ndani ya ala ya ngozi. Asidi iliyobaki kwenye ngozi na unyevu hutoa kutu ya kijani kwenye bronzi, na ile kijani si ya kulishwa mtu. Ala ni ya kubebea, kisu kikifika kitolewe. Kijani ikitokea, ukwaju na majivu laini vinaiondoa. Linda makali kwa nta kwanza, maana ukwaju unaacha weusi kwenye chuma, na osha yote baada ya dakika mbili. Kahawia ya bronzi iache, haina madhara.

Ukisikia pini inakwaruza kiganja mwezi wa Januari au Februari, mti umesinyaa na pini imebaki juu. Msasa namba 600 juu ya kibao unatosha, halafu nta.

Kinga ikilegea usiidondoshee gundi nyembamba juu juu. Itaziba mdomo na kuacha maji ndani. Toa pini kwa kuzitoboa katikati kwa biti ya 2.5. Funga makali kwa kitambaa, chovya mpini na kinga kwenye maji yanayochemka kwa dakika kumi, epoksi nyingi hulainika hapo, uvute mpini ukiwa bado wa moto. Ondoa kutu yote hadi uone chuma cheupe. Kama kutu imekula bega na kuacha shimo, shusha mabega yote mawili kwa nusu milimita kwa tupa, na uanze tena na masizi ya kibatari.